Ukienda Visiwa vya Cook kuangalia ndege, usiende na haraka

Sisi tuliojifunzia ndege Afrika Mashariki tumedekezwa. Asubuhi moja kando ya bwawa unaandika makumi ya aina kabla ya chai. Ukiupeleka moyo huo Pasifiki utaumia bure, kwa sababu ndege wa nchi kavu wa Rarotonga hata daftari hawalijazi. Ila kila mmoja wao ana habari ndefu nyuma yake, na habari hiyo haionekani kwa mtu anayepita mbio. Kwa hiyo chagua visiwa viwili, Rarotonga na Atiu, ukae.

Rarotonga barabara ya pwani inazunguka kisiwa chote kwa kilomita 32 hivi. Mabasi ni ya aina mbili tu: yanayozunguka kulia na yanayozunguka kushoto. Huhitaji gari. Siku ya kwanza pumzika ufukweni, utazame buabua weupe, wale wanaotaga yai juu ya tawi tupu bila kiota.

Kisha nenda hifadhi ya Takitumu, upande wa kusini-mashariki, pamoja na mwongozaji mwenyeji. Ardhi ile ni ya koo tatu, na wao wenyewe ndio walioamua kuilinda. Humo anaishi kakerori, ndege mdogo mla wadudu, ambaye mwaka 1989 walibaki 29 tu duniani. Adui alikuwa panya wa melini anayekula mayai na makinda. Watu wakaanza kutega sumu kila msimu wa kuzaliana, mwaka baada ya mwaka, na leo wapo mamia. Simama kimya tu, atakuja mwenyewe kukuchungulia. Angalia rangi yake: wadogo ni wa machungwa, na wakifikisha umri wa miaka minne hivi wamekuwa kijivu. Mimi nilimtazama mmoja wa kijivu kwa muda mrefu, nikawaza kwamba bila watu wale wa sumu na mitego asingekuwepo, na machozi yalinilengalenga.

Atiu unafika kwa ndege ndogo, na haziruki kila siku, basi acha nafasi katika ratiba. Huko utamwona kura, kasuku mdogo mwenye kifua chekundu. Visiwa vya Cook vilimpoteza zamani kwa kuwindwa kwa ajili ya manyoya yake. Mwaka 2007 wakaletwa 27 kutoka Rimatara, katika Polinesia ya Kifaransa. Shida ikawa mayna, ndege wa jamii ya kwezi aliyeletwa kutoka Asia, ambaye aliwasumbua kura na makinda yao. Aliyeona kunguru wa Kihindi walivyoitawala Unguja na Dar es Salaam ataelewa. Watu wa Atiu wakaamua kuwamaliza mayna, na walifaulu. Sisi wa pwani tuna cha kujifunza hapo.

Usiondoke bila kuingia pango la Anatakitaki. Ndani yake hutaga kopeka, ndege anayefanana na barawai, asiyezaliana popote duniani nje ya Atiu. Gizani anatoa sauti za kutatarika na kusikiliza mwangwi ili ajue njia. Njia ya kwenda pangoni inapita juu ya makatea, mwamba wa matumbawe ya kale wenye ncha kama visu. Vaa viatu vigumu, kandambili hapana. Chukua tochi, lakini usiwamulike viotani.

Nauli ni kubwa na kwa kawaida utapitia Auckland, kwa hiyo usiifanye safari ya wiki moja. Aprili hadi Oktoba hakuna joto kali wala hofu kubwa ya vimbunga. Dawa ya mbu ni lazima, na safisha viatu kabla ya kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, usibebe mbegu. Jumapili maduka mengi hufungwa. Usipange matembezi siku hiyo. Nenda kanisani na wenyeji ukawasikilize wakiimba.