Kuhamia gesi kunapunguza salfa na CO2 kwa pamoja, gharama niiandike wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nipo kitengo cha mazingira kwenye kiwanda hapa Dar, tuna boila inakula makaa ya mawe kama tani 50,000 kwa mwaka. Nimeambiwa niandae ripoti ya gharama za kupunguza salfa, na nyingine ya kupunguza gesijoto. Sasa tukihamia gesi asilia vyote viwili vinapungua, hiyo gharama niiweke ripoti ipi? Nikigawa nusu kwa nusu itakubalika? Halafu bosi anataka nitumie riba ya asilimia 12, ila naona wengine wanatumia 4.

JIBU: Salama mdau. Usiigawe, na kama una uwezo wa kuwashawishi wakubwa, hizo ripoti mbili ziwe moja. Nusu kwa nusu haina msingi wowote, kesho mwingine atagawa 70 kwa 30 na nyote mtakuwa sawa au nyote mmekosea, hakuna wa kuamua.

Tuchukue namba za mfano, za kwako utaziweka mwenyewe. Makaa yenye salfa asilimia 1, ukichoma tani 50,000 ndani yake kuna salfa tani 500, ikiungua inashika oksijeni na uzito unakuwa mara mbili, kwa hiyo bombani zinatoka karibu tani 1,000 za SO2, yaani gesi ya salfa dioksidi (kidogo inabaki kwenye majivu, tuiache). Tuseme skraba, ule mtambo wa kuosha moshi kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, ni dola 400,000 kwa mwaka na inakamata tani 900, hapo tani moja ni kama dola 444. Kuhamia gesi tuseme ni dola 900,000 kwa mwaka, salfa inaisha karibu yote, na CO2 inashuka kama tani 48,000, maana makaa yanatoa kilo 94.6 hivi kwa kila gigajuli (kipimo cha nishati) na gesi inatoa 56.1, hapo nimechukua makaa ya gigajuli 25 kwa tani.

Sasa anayeangalia salfa peke yake ataona gesi ni dola 900 kwa tani, ataikataa na kununua skraba. Anayeangalia gesijoto ataona dola 18.75 kwa tani ya CO2, atasema sawa twende gesi. Kila mmoja kapiga hesabu yake vizuri kabisa, na kiwanda kinaishia kulipa 1,300,000 kwa mwaka huku skraba imesimama haina moshi wa kuosha. Wangekaa meza moja 900,000 zingetosha kila kitu. Na hapa ndo penyewe: kama skraba ungelazimika kuinunua hata hivyo, basi gesi imekuongezea 500,000 tu, gawa kwa 48,000, tani ya CO2 inakuwa dola 10.4. Boila ile ile na gesi ile ile, lakini bei ya CO2 imeshuka karibu nusu kwa sababu tu kuna sharti la salfa pembeni yake. Hiyo namba haiwezi kuonekana kwenye ripoti zilizotengana, hata uziandike kwa uangalifu kiasi gani.

Skraba nayo ina lake. Mawe ya chokaa yakikamata salfa yanaachia CO2 yake, kila tani ya SO2 inatoa kama tani 0.69, tani 900 zako zinakupa CO2 kama tani 620 za ziada, bado hujahesabu umeme wa pampu na feni.

Wenzetu wa taasisi ya utafiti ya IIASA, pale Laxenburg karibu na Vienna, walipita njia hii hii. Walikuwa na modeli inaitwa RAINS, ya mvua ya asidi, ndo iliyotumika kwenye mazungumzo ya Itifaki ya Salfa ya Oslo ya 1994, na ilifanya kazi kwa mikondo ya gharama, yaani michoro inayopanga hatua kuanzia ya bei ndogo kwa tani hadi ya bei kubwa, kila kichafuzi na mkondo wake. Walipoingiza gesijoto mikondo ikagoma. Chukua kiwanda chako, ukiziba upotevu wa joto makaa yakapungua asilimia 10, skraba itakamata tani 810 badala ya 900, na gharama ya tani moja itapanda hata ukitoa chokaa uliyookoa, yaani hali imekuwa nzuri zaidi ila mkondo unakuonyesha mambo yameharibika! Ndo maana kwenye GAINS, iliyorithi RAINS, modeli inachagua hatua zenyewe, kila hatua na gharama yake moja na orodha ya vyote inavyopunguza, SO2, vumbi, NOx (oksidi za nitrojeni), CO2, methani, afu inatafuta mseto wa bei ndogo unaotimiza malengo yote kwa pamoja. Swali la "niandike wapi" linakufa lenyewe.

Ila usije ukajumlisha SO2 na CO2 kwenye kipimo kimoja. Tani ya CO2 ni ile ile popote inapotoka, ila salfa inayoshukia nyumba za watu wa Mbagala sio sawa na inayotoka porini, na isitoshe chembe za salfa angani zinapoza dunia kidogo. Kila kimoja kiwe na lengo lake.

Kuhusu riba, zote mbili zinafaa ila zinajibu maswali tofauti. Mtaji wa dola milioni 1 ukiulipa kidogo kidogo kwa miaka 20 pamoja na riba, kwa asilimia 4 ni kama 73,600 kwa mwaka, kwa 12 ni kama 133,900. Ile 4 ndo wanayotumia GAINS, inaangalia gharama kwa jamii nzima, bila kodi wala faida, na 12 ni macho ya mwenye kiwanda. Bosi wako ajue tu kwamba 12 inaiumiza zaidi skraba, maana mzigo wake mkubwa ni mtaji, wakati gesi mzigo wake mkubwa ni bili ya kila mwezi. Toa majibu ya riba zote mbili, usichanganye ndani ya jedwali moja.

Eksel inatosha na ile Solva yake, zana inayotafuta mseto wa bei ndogo yenyewe. Kila hatua mstari mmoja, kigeu cha 0 hadi 1 (0 haitumiki, 1 inatumika yote), safu ya gharama, safu za vichafuzi, na sharti kwamba skraba na gesi zikijumlishwa zisizidi 1. Anza na lengo la salfa tu, CO2 weka sifuri, afu panda tani 5,000 kila hatua. Kuna sehemu mpango utaanza kuhama kutoka skraba kwenda gesi, weka alama hapo, afu rudia na bei ya gesi ikiwa juu asilimia 20.