Naisini na magainini: ipi kali zaidi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa biolojia na nimepewa kazi ya kulinganisha peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) mbili za asili zinazoua bakteria. Nimechagua naisini na magainini. Kila ninaposoma naambiwa zote hutoboa utando wa bakteria. Tofauti iko wapi, na ipi kali zaidi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kutoboa, zinatoboa zote. Jiulize zinajuaje pa kutoboa.

Magainini ilipatikana kwenye ngozi ya chura. Michael Zasloff alikuwa akipasua vyura aina ya Xenopus laevis na kuwarudisha majini, maji yenye vijidudu tele, na vidonda vikapona bila kutunga usaha. Mwaka 1987 akatangaza peptidi hii yenye asidi amino 23. Ina chaji chanya, nao uso wa bakteria una chaji hasi, basi huvutwa huko, ikajikunja kama springi na kuufungua utando. Seli zetu husalimika kwa kuwa uso wake hauna chaji hasi nyingi kiasi hicho, tena kuna kolesteroli inayoukaza utando.

Naisini hutoka kwa bakteria wa maziwa, Lactococcus lactis. Ina asidi amino 34 na pete tano zilizofungwa kwa salfa. Pete mbili za kwanza hukamata lipidi II, molekuli inayobeba matofali ya ukuta wa seli. Ujenzi unasimama, kisha matundu yanafunguka palepale. Kwa bakteria inaowaweza, nanomola chache zinatosha; magainini huhitaji maikromola, na maikromola moja ni nanomola elfu. Mimi ustadi huo wa naisini unanistaajabisha hadi leo.

Lakini kali kwa nani? Nilipoanza kazi ya maabara niliitia naisini kwenye sahani mbili za kuoteshea bakteria. Ya Micrococcus luteus, bakteria wa manjano, ilitoa duara safi, yaani mahali bakteria walipokufa. Ya E. coli, bakteria wa utumbo, haikuonyesha chochote. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kupima. Kumbe E. coli ana utando wa nje, na naisini haifiki ilipo lipidi II. Nilipoongeza EDTA, inayonyang'anya magnesiamu iliyoushikilia utando huo, duara likatokea; sahani yenye EDTA peke yake haikuwa nalo. Magainini haihitaji msaada huo: humpiga E. coli moja kwa moja.

Kwa hiyo katika kazi yako taja bakteria kwanza, ndipo useme ipi kali.

Na jambo moja ambalo wanafunzi wangu wengi wamejikwaa: linganisha kwa mola, yaani idadi ya molekuli, si kwa uzito. Unga wa naisini unaouzwa kwa kawaida una naisini asilimia 2.5 tu, kilichobaki zaidi ni chumvi. Ukiupima kana kwamba ni naisini tupu, utaiona dhaifu mara 40 kuliko ilivyo. Soma kibandiko cha chupa kabla hujagusa mizani.