Uliza Tukujibu: Mbona supa gluu haigandi ndani ya tyubu yake?

SWALI: Kaka habari za kazi, mie nipo Mbagala. Juzi naunga kandambili ya mtoto, supa gluu ikanigandisha vidole viwili, nusu saa nzima nimebana vidole kama nimeshika ubani. Sasa kama inashika mpaka ngozi, mbona kwenye tyubu yake haigandi? Na mbona beseni nililoziba nayo limebanduka siku hiyo hiyo?

JIBU: Pole dada. Wengi tunadhani supa gluu inakauka kama rangi ya ukuta, kumbe hii yenyewe inataka maji ndo igande! Unyevu kidogo tu ulioko hewani na juu ya kile unachounga unatosha kuiamsha, chembe zake zinaanza kushikana moja baada ya nyingine mpaka zinakua minyororo mirefu migumu. Ndani ya tyubu unyevu hamna na wametia tindikali kidogo ya kuituliza, kwa hiyo imelala zake. Sasa wewe na jasho la Dar mwezi wa pili, hapo umeipa inachokitaka.

Beseni nalo, plastiki ya mabeseni na ndoo nyingi ni ndugu na ile ya tyubu yenyewe, inateleza, gundi haipati pa kushika. Mpelekee fundi anayeyeyusha kwa chuma cha moto, usipoteze hela.

Siku nyingine vidole vikinata USIVUTE, utatoka na ngozi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni halafu viringisha polepole, au paka asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Na usiifute kwa pamba, ikiingia nyingi kwenye pamba inachemka inatoa moshi na inaunguza kweli, mi ilishanitoboa suruali ya kazini kwa hiyo najua ninachosema. Ikibaki ifunge vizuri uiweke kwenye kopo la kubana pamoja na vile vipakti vya kwenye boksi la viatu.

Cha kuchekesha, Harry Coover wa kampuni ya Kodak kule Marekani alipokutana nayo 1942 alikua anatafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, akaiacha maana ilikua inanata kila kitu. Ikaja kuangaliwa tena 1951, na 1958 ndo ikaingia sokoni. Miaka yote hiyo kasoro ndo ilikua bidhaa!

SWALI: Pool ya hapa kwetu Sinza, mipira ya rangi ikiingia shimoni mpaka uweke sarafu nyingine, ila mweupe unarudi wenyewe. Meza inajuaje, ina kamera?

JIBU: Kamera wapi bana. Meza nyingine mweupe ni mdogo kidogo, kama milimita 48 wakati ya rangi ni 51, basi njiani huko ndani kuna mahali mdogo unapita njia yake na wakubwa wanaenda kufungiwa. Nyingine mweupe umetiwa chuma ndani, unavutwa na sumaku. Ndo maana mwenye meza akipoteza mweupe akaokoteza wowote tu, unamezwa mnaanza kugombana na kaunta. Uweke pembeni ya wa rangi, inama jicho liwe usawa wa meza, kama ni ile ya saizi utaona.

SWALI: Mzee wangu ana mtumbwi Kunduchi. Upondo ukiwa majini unaonekana umevunjika, ukiutoa mzima. Kwa nini?

JIBU: Mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda, jicho lako halijui hilo, linadhani umekuja moja kwa moja. Ndo maana hata maji ya mita 4 ukiyaangalia kutoka juu unaona kama 3. Mwambie mzee akuoneshe anavyochoma samaki kwa mkuki, halengi pale anapomuona, analenga chini yake kidogo.