Mheshimiwa mgeni, Juni umeshachelewa

Kila mwaka, wiki za mwisho kabla ya Juni 30, mambo ni yale yale. Kamati ya bajeti imejifungia hotelini, karani anatazama saa, na mlangoni wamesimama waheshimiwa wanne wa bunge la kaunti, wa muhula wa kwanza, kila mmoja na kikaratasi. "Mwenyekiti, niwekee zahanati." Kikaratasi chenyewe kina jina la kijiji na shilingi milioni 5, basi. Jina la eneo halijaandikwa sawasawa, lakini sufuri zote sita zipo.

Kwa hiyo haya ni kwa uliyeingia 2022, uliyeingia juzi kwa uchaguzi mdogo, na wewe unayeipigia hesabu 2027. Wadi ziko 1,450 nchini Kenya na makosa ni yale yale saba au nane.

1. Zahanati ya Juni.

Kosa hili lina mizizi kwenye kalenda. ADP, mpango wa maendeleo wa mwaka, hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha inaouhusu. CBROP, tathmini ya bajeti ya kaunti, hufuata mwisho wa Septemba. CFSP, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ni Februari 28, na bunge lina siku 14 za kuipitia. Hapo ndipo kila idara inapowekewa kikomo chake. Makadirio huja Aprili 30. Mgeni hulala mwaka mzima, akaamka Juni aliposikia neno "bajeti" redioni.

Sasa ameamka, amebakiwa na nini? Kifungu cha 131 cha sheria ya usimamizi wa fedha za umma kinasema ukiongeza hapa upunguze pale. Kanuni za 2015 zinabana zaidi: mabadiliko ya bunge kwenye fungu yasizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu hilo. Tuseme afya ina bilioni 2. Asilimia 1 ni milioni 20. Katika kaunti yenye wadi 35 kama Kilifi, ukizigawa sawa kila wadi inaondoka na kama 571,000. Hata msingi hautoki ardhini.

Lakini tuseme mwenyekiti ni rafiki yako, na mstari wako umeingia kwenye kiambatisho: "Ujenzi wa zahanati, milioni 5." Unapiga picha ukurasa, unautuma kwenye kila kikundi cha WhatsApp cha wadi. Akina mama wanakuimbia. Fuatana na huo mstari uone unakokwenda.

Septemba, afisa mkuu wa afya anaomba hati ya ardhi. Ipi? Kuna mzee alisimama barazani akasema "natoa nusu ekari kwa ajili ya wajukuu," watu wakapiga makofi, na kumbukumbu za mkutano hazikuandikwa. Shamba lina jina la babake mzee, aliyefariki zamani, na urithi haujafunguliwa mahakamani. Ndugu zake watatu hawakuwepo siku ya makofi. Hata urithi ukikamilika, kuna kupasua sehemu na kuhamisha, na ardhi ya kilimo inataka idhini ya bodi ya ardhi, ombi likipelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Pesa za umma hazijengi kwenye shamba la mtu, hata awe mkarimu vipi. Mkaguzi wa hesabu ataliandika hilo bila huruma.

Novemba, mhandisi wa kaunti anatoa BQ, orodha ya kazi na gharama zake. Inasoma milioni 8 na nusu, na hiyo ni nyumba tu. Choo hakimo, tangi la maji halimo, shimo la kondo halimo, uzio haumo. Kwa kuwa una milioni 5, idara inaigeuza kazi kuwa "awamu ya kwanza". Hayo maneno matatu yamezika wanasiasa wengi kuliko uchaguzi wa mchujo. Zabuni inatangazwa Januari, mkandarasi anaingia Machi, mvua inaingia naye. Kuta zinafika kwenye linta. Pesa kutoka Nairobi zinachelewa, Juni 30 IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, inafungwa, cheti cha mkandarasi bado kiko mezani. Kuanzia hapo zahanati yako ni bili isiyolipwa.

Awamu ya pili? Haimo kwenye ADP, maana ile ya mwaka unaofuata ilipita Septemba ukiwa bado unamtafuta mzee na hati yake. Bajeti ya ziada ikija, mradi uliosimama ndio wa kwanza kunyang'anywa chochote kilichobaki.

Na hata jengo likiisha, bado ni nyumba tupu. Muuguzi anahitaji mstari wa mshahara na tangazo la bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Kituo kinahitaji kusajiliwa ndipo kipangiwe dawa za KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa. Ndiyo maana utazikuta, kaunti baada ya kaunti, kuta zenye rangi nzuri, jina la mheshimiwa juu ya mlango, na mbuzi kibarazani. Mpinzani wako hahitaji ilani. Anahitaji picha moja ya mbuzi hao.

Mabunge ya kwanza ya 2013 yalifanya haya kwa kutojua. Kalenda ilikuwa ngeni kwa kila mtu. Leo ni uvivu.

Dawa yake ni fupi: Julai soma ukurasa wa wadi yako kwenye CIDP, mpango wa kaunti wa miaka mitano, chagua miradi miwili badala ya tisa, hati kwanza, BQ pili, kisha ibebe yote kwa afisa wa mipango kabla ADP haijafungwa. Februari, kaa kwenye CFSP kama ngariba, usitoke.

2. Usigeuke mkandarasi.

Kifungu cha 9 cha sheria ya serikali za kaunti kinakukataza kujihusisha, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na kazi za utekelezaji. Mlango wa nyuma ni pamoja na shemeji. Wadi ni ndogo. Kokoto zikimwagwa barabarani saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi mama wa maandazi anajua lori ni la nani. Na siku barabara ikibomoka utaikagua vipi, umwite shemeji mbele ya kamati?

3. Hesabu kura kabla ya kufungua mdomo.

Kumwondoa gavana kunataka arifa iungwe mkono na theluthi ya wajumbe wote, kisha hoja ipite kwa theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliojitokeza. Oktoba 2024, Seneti iliitupa kesi ya gavana wa Kericho bila kuyafikia mashtaka yenyewe. Bunge la Kaunti ya Kericho lina wajumbe 47; waliounga mkono walikuwa 31. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu kidogo, na kwa kuwa hakuna thuluthi ya mtu, ilitakiwa 32. Kazi yote ile, mashahidi, mabunda ya nakala, ikaangukia tarakimu ambayo mtoto wa darasa la sita angeifanya kwa kalamu ya risasi.

Hili halihusu magavana peke yao. Akidi ni theluthi moja. Kabla hoja yako haijasomwa, zunguka mkahawani uhesabu vichwa. Aliyekuahidi kura kwa simu mhesabu nusu. Aliyesema "tuko pamoja" bila kuuliza hoja inahusu nini usimhesabu kabisa.

4. Ushiriki wa umma si picha za soda.

Sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 ilifutwa na Mahakama Kuu 2014 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Ada zote zilizopangwa mle zikapoteza miguu. Bado mswada wa fedha unatangazwa Jumatano kwenye gazeti moja, kikao ni Ijumaa makao makuu ya kaunti, kilomita 70 kutoka sokoni kwenye watu wanaotozwa hizo ada. Nendeni sokoni siku ya soko. Pelekeni jedwali la ada lenye safu mbili, ya sasa na inayopendekezwa, kwa Kiswahili au lugha ya pale. Mwenye kibanda hatakusomea kifungu, ila ukimwonyesha kwamba 30 inakuwa 50 utapata maoni ya kujaza daftari. Orodha ya waliohudhuria, sahihi, maoni yenyewe, na sababu ya kila maoni yaliyokataliwa: hivyo vinne viwe ndani ya ripoti ya kamati. Hicho cha nne ndicho kinachosahauliwa, na ndicho wakili wa upande wa pili atakachokitafuta kwanza.

5. Vikao vinane.

Ukikosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na huna maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati, kiti kinaweza kwenda. Ruhusa ya mdomo kwenye ngazi si ruhusa. Mazishi ya kila Ijumaa hayamo kwenye Katiba.

6. Kiswahili au Kiingereza, chagua kimoja ukimalize nacho. Na "hoja ya nidhamu" si kitufe cha kumnyamazisha usiyempenda. Taja kanuni kwa nambari au uketi.

7. Basari.

Msaidizi wa ofisi ya wadi awe na daftari moja: jina, shule, kiasi, nambari ya hundi, tarehe ya kuichukua, sahihi. Usiigawe wewe kwa mkono wako juu ya gari.

8. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu.

Bunge lina miezi mitatu kuijadili tangu iifikie, na kamati ina uwezo wa kuita mashahidi kama Mahakama Kuu. Halafu mheshimiwa anafika kikaoni, bahasha ya ripoti bado ina gundi, anamuuliza afisa mkuu, "Pesa za wananchi zilikwenda wapi?" Afisa mkuu hulipenda sana swali hilo. Atalijibu dakika arobaini na msishike neno. Soma aya moja tu usiku uliotangulia. Mwulize nambari ya vocha, tarehe ya cheti cha ukaguzi wa kazi, na majina ya waliokitia sahihi. Kisha nyamaza, umwache afunue faili mbele ya kamati, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta karatasi ambayo nyote mnajua haimo.