Funga hilo daftari kwanza: kwa anayetaka kucheza RPG peke yake

Mleta mada, soma hapa kabla hujaandika ukurasa wa 41. (RPG, kwa asiyejua, ni mchezo wa mezani: unaigiza mhusika ndani ya hadithi, msimulizi anaiongoza, na dadu zinaamua yatakayotokea.)

Umeuliza mambo matatu: dadu za pande nyingi utazipata wapi hapo Arusha, uwe na mhusika mmoja au wanne, na kama umalize kwanza kuandika dunia yako ya falme saba ndipo uanze kucheza. Umesema una kurasa 40 na ramani, na kwamba "bado kidogo tu". Hapo kwenye "bado kidogo tu" ndipo niliposhindwa kupita kimya, kwa sababu maneno hayo mimi niliyasema miezi saba. Na mdau aliyekujibu hapo juu kwamba dunia imara ndiyo msingi wa mchezo mzuri, simfahamu na sina ugomvi naye, ila anakupeleka shimoni akiwa anatabasamu.

Mimi ni mpishi wa safari za Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi, Pasua. Kazi yetu ni ya msimu. Masika yakianza, Aprili na Mei, wageni wanapungua, unakaa ndani unahesabu mabati. Masika mojawapo nikaangukia video za jamaa mmoja anayefundisha kucheza RPG za mezani peke yako. Jina naliacha, ana wafuasi wa kutosha na sitaki kumwongezea. Amekaa mbele ya rafu ya vitabu, ndevu zimechanwa, anasema: huna msimulizi, kwa hiyo msimulizi ni wewe, kwa hiyo lazima uijue dunia yako kuliko mtu yeyote. Aisee, ilivyoingia akilini! Akaorodhesha na vitabu. Nikaagiza vyote vitatu vya msingi vya Dungeons & Dragons, toleo la tano: cha mchezaji, cha msimulizi na cha mazimwi. Kununua, kusafirisha, kulipia mzigo ulipofika, zikaondoka tipu za safari mbili. Mama watoto nilimwambia ni vitabu vya kozi ya upishi. Siku alipokifungua kile cha mazimwi akakutana na joka ukurasa mzima, akaniuliza kwa upole kabisa, hili linapikwaje.

Vitabu vyenyewe havina kosa, niseme ukweli. Vimetungwa kwa watu wanne watano waliokaa meza moja, na mapambano yake yamepimwa kwa kikundi. Mhusika wako mmoja akikutana na mbwa mwitu watatu, yeye anapiga mara moja, wao wanapiga mara tatu, na hakuna mwenzake wa kumwinua akianguka. Halafu kanuni za msingi zilikuwepo za kupakua bure muda wote huo, na Januari 2023 andiko la kanuni za toleo hilo likawekwa wazi kabisa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kulitumia bure. Unapakua ukiwa stendi unasubiri gari lijae. Jamaa wa ndevu hilo hakuligusa. Kitabu kimoja nilijaribu kupanda nacho nimekificha kwenye mzigo wa jiko, na wote wanaopanda kwa njia ya Machame wanajua: mpagazi mwisho kilo 20, na getini kuna mizani. Mzigo ukazidi. Kikashushwa mbele ya watu, kikabaki kwa dereva.

Hela hata hivyo inarudi, wageni wapo. Kilichonila ni kaunta buku.

Niliandika kaunta buku tatu. Falme tano (wewe una saba, hongera). Koo zake, mila zake, bei ya mbuzi katika kila soko, vita vya miaka mia mbili iliyopita, nani alimwoa nani. Na kisa kikuu: mangi (chifu) wa ufalme mmoja amewekewa sumu kwenye mbege, pombe ya ndizi, mpelelezi wangu anatumwa kumtafuta muuaji. Muuaji ni shemeji yake mangi. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimeandika mwenyewe, kaunta buku ya pili, na nikapigia mstari kwa peni nyekundu.

Usiku wa kwanza wa kucheza, miezi saba baadaye, nimekaa, chai, dadu mpya. Mpelelezi anafika kwenye msiba. Anamhoji mjane. Najua mjane atasema nini. Anaenda kwa muuza mbege. Najua muuza mbege anaficha nini na kaificha wapi. Ilikuwa kama kukaa kucheza bao, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na kushoto kila mara anajua kulia anapanga nini. Baada ya nusu saa nikasema hapana, jamaa alisema ukikwama tumia ramli.

Hapa nifafanue kwa wageni wa haya mambo. Wachezaji wa peke yao wana majedwali ya kujibu maswali badala ya msimulizi. Unauliza swali la ndiyo au hapana, unarusha dadu, jedwali linajibu. La Mythic ndilo linalotajwa sana, lilitoka 2003, na toleo lake la pili likaja miaka mingi baadaye. Mimi naita ramli kwa sababu ndivyo ilivyo.

Basi nikauliza ramli: je, shemeji ndiye muuaji? Ikajibu hapana.

Nikaitazama ile dadu. Miezi saba. Peni nyekundu. Nikarusha tena, nikajiambia iligonga kikombe. Hapana. Nikarusha ya tatu. Ndiyo! Nikafurahi kama sekunde nne hivi, halafu nikaona nilichofanya. Mtu mzima, saa sita usiku, nimekaa peke yangu chumbani, na nimeiba mchezo. Nimemwibia nani? Nilifunga zile kaunta buku na sikuzigusa mpaka msimu ulipoisha.

Ndiyo maana nakupigia kelele. Kitu pekee ambacho kucheza peke yako kinaweza kukupa, ambacho kuandika hadithi hakikupi kwa urahisi, ni kushtuka. Kutokujua. Kila ukurasa unaoujaza sasa unakula kipande cha huko kutokujua, na dadu ikija kusema tofauti na ukurasa, utaupenda ukurasa kuliko dadu, kwa sababu ukurasa umeutolea jasho. Kanuni yangu ni hii, na nimeilipia tipu za safari mbili: usiandike kitu chochote ambacho mhusika wako hajakiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake. Hajafika kwenye ufalme wa tatu? Hakuna ufalme wa tatu. Hajamwona mama wa mfalme? Mfalme hana mama mpaka siku hiyo.

Nilivyoigundua sasa. Safari iliyofuata tumelala kambi ya Karanga. Wanaopanda wanajua, Karanga ndipo maji ya mwisho, ukienda kambi ya Barafu unabeba. Nimemaliza vyombo, baridi hailaliki, nikawaza kitu kimoja tu: je, kukicha maji yasiwepo? Sikuwa na kitabu (dereva anacho, nadhani alikuwa anasoma kuhusu majoka). Nilikuwa na kijidaftari cha mahesabu ya vyakula na dadu ya ludo ya mpagazi mmoja. Nikaandika mistari mitatu. Manka, binti wa nyumba inayotunza mfongo (mfereji wa maji ya mashamba), juu huko kwenye migomba. Asubuhi mfongo umekauka, na leo ni zamu ya maji ya nyumba yao. Anapanda kwenda kwenye banio, pale maji yanapoingia mfongoni, kuona kulikoni.

Basi. Hiyo ndiyo dunia nzima.

Ramli yangu ya dadu moja, inakili: 1 ni hapana na kuna baya zaidi, 2 ni hapana, 3 ni hapana lakini, 4 ni ndiyo lakini, 5 ni ndiyo, 6 ni ndiyo na kuna zaidi. Jambo likiwa na uwezekano mkubwa, rusha mbili uchukue kubwa, hapo jibu la "ndiyo" linapanda kutoka nusu kwa nusu hadi robo tatu. Likiwa gumu, chukua ndogo. Zile "lakini" na "zaidi" ndizo utamu wenyewe.

Kuna mtu kwenye banio? 6. Ndiyo, na zaidi: amekaa juu ya mlango wa maji, ameuziba kwa mwili wake. Manka anamfahamu? 4. Ndiyo, lakini. Lakini nini? Nikakaa pale na tochi kichwani, na jibu likaja lenyewe: ni mjomba wake, lakini alizikwa mwaka jana.

Wakuu, nilizima tochi. Sikutaka kujua zaidi usiku ule, na nilikuwa nataka kujua zaidi kuliko kitu chochote. Kaunta buku tatu hazijawahi kunifanyia hivyo. Kesho yake wapagazi walikuwa wamesikia nanong'ona maswali na kutupa dadu, habari ikashuka kambi nzima kwamba mpishi anapiga ramli. Mmoja akanifuata kwa heshima zote: "Mpishi, nipigie na mimi, yule mgeni wa kofia nyekundu atatoa ngapi?" Nikampigia. Ikatoka 4. Alitoa, lakini.

Sasa utaniambia lazima kuwe na maandalizi kidogo. Sawa, kidogo. Ukitaka mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tangu mwanzo, chukua Ironsworn wa Shawn Tomkin, ulitoka 2018 na faili lake ni bure, halali kabisa, siyo la kuibia. Humo kuna sehemu ya kuchagua ukweli wa dunia yako, na angalia ilivyo fupi: kila jambo unachagua moja kati ya machaguo machache, unamaliza kabla chai haijapoa. Halafu mhusika anakula kiapo cha kufanya jambo fulani na mchezo unaanza. Dadu zake ni moja ya pande 6 na mbili za pande 10. Unajumlisha ile ya 6 na uwezo wako, unalinganisha na kila moja ya zile za 10. Ukizizidi zote mbili umefanikiwa sawasawa, ukizidi moja umefanikiwa kwa gharama, usipozidi hata moja umepatikana. Hakuna kuhesabu zamu za mbwa mwitu.

Dadu za pande 10 usizitafute mji mzima. Chukua karata, toa za picha, baki na A hadi 10. Hizo ni karata 40. Changanya, vuta, rudisha, changanya, vuta. Imeisha hiyo. Dadu ya ludo utaipata sokoni Kilombero kwa hela ya chapati. Wahusika: mmoja. Wanne ni kamati, na wewe ndiye mwenyekiti, katibu na mhazini.

Kuhusu kurasa 40, sikwambii uchome, najua uchungu wake. Zisome mara moja tu leo, tafuta mstari mmoja unaokusumbua, ule ambao hata wewe hujui kwa nini uliuandika. Unakili kwenye karatasi tupu. Zilizobaki mpe mtu akufichie, na asiwe mtu wa kuzisoma na kukusimulia. Halafu usiku huu huu uliza swali moja, rusha mara moja. MARA MOJA. Ikisema hapana ni hapana, hata kama imegonga kikombe.

Ramani nayo iache. Ya kwangu leo, baada ya mwaka na zaidi na Manka, ina mfongo mmoja, banio, mlango wa handaki nyuma ya migomba, na shamba moja lililoungua ambalo sijui nani alilichoma.