Je, chaa wanaukimbia mshipi wanaouona?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Navua chaa na changu wadogo kwa mshipi wa mkono hapa Kigamboni, chambo changu ni kamba. Natumia nailoni ya milimita 0.40. Mwenzangu ameweka mshipi wa plastiki iitwayo fluorokaboni, wa 0.20, anasema samaki hawaioni, na kweli ananizidi. Mimi chambo kinarudi kimeliwa tu. Je, ni mshipi wangu kuonekana ndiko kunakoninyima samaki?

JIBU: Marahaba. Kabla hujatoa pesa, soma tena ulichoniandikia. Mwenzako amebadilisha mambo mawili kwa mkupuo: aina ya mshipi na unene wake. Sifa zote amezipa aina. Mimi nashuku unene.

Ushahidi umeutoa mwenyewe. Samaki anayeuogopa mshipi hakisogelei chambo, na wewe ungekuwa unavuta kamba mzima mzima. Wako wanakuja, wanakula, wanaondoka.

Habari ya kuonekana ina ukweli wake. Kitu hujificha majini kadiri kinavyopinda mwanga kama maji yanavyoupinda. Kipimo cha maji ya bahari ni 1.34, cha fluorokaboni 1.42, cha nailoni zaidi ya 1.5. Kwa hiyo fluorokaboni imeyakaribia maji, ila haijayafikia. "Haionekani" ni neno la muuzaji. Tena samaki aliye chini akitazama juu penye mwanga, mshipi wowote ule kwake ni mstari mweusi. Masika, Msimbazi ukishamwaga tope lake, hakuna cha kuficha. Na usiku wa giza ndio kichekesho: vijidudu vya baharini vinavyometameta huwaka mshipi unapopita, ukawa unavua na taa bila kujua.

Sasa unene. Chaa hang'ati kama changu mkubwa. Huchomoza mdomo wake kama bomba, akafyonza maji, na chambo kikaingia pamoja na maji hayo. Nguvu ya ufyonzaji huo ni ndogo, na mshipi mgumu unaushinda. Ugumu nao haupandi polepole: nailoni ileile ukiizidisha unene mara mbili, inakuwa ngumu kupinda takriban mara 16. Kamba wako anabaki kaning'inia kama kwenye waya, chaa anafyonza mara mbili tatu, hapati ndoana, anaishia kudonoa kingo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni balaa zaidi, kwa sababu mkondo unapata pa kuusukuma mshipi mnene na kukiinua chambo kutoka mchangani. Wavuvi wa Marekani wanaotafuta bluegill, samaki mdogo wa maji baridi anayekula kwa kufyonza vilevile, hutumia mishipi inayohimili uzito wa ratili 2 hadi 6 tu.

Usibadilishe mshipi wote. Bakiza 0.40 mkononi, maana mwembamba utakukata vidole. Mwishoni funga mita moja au moja na nusu ya nailoni ya 0.20, ndoana ndogo ya namba 12, na chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) jepesi kadiri mkondo utakavyokubali. Kisha kaa na mwenzako, ndoana sawa, chambo sawa, yeye fluorokaboni ya 0.20 na wewe nailoni ya 0.20, na katikati mbadilishane nafasi. Hapo ndipo mtajua kama aina ya mshipi ina lake la kusema.

Hasara ipo. Ukipunguza unene kwa nusu, nguvu inabaki kama robo. Changu wa maana akikimbilia matumbawe, umeachwa na kipande. Penye mwamba panda hadi 0.30, na hapo ndipo ningekubali ununue fluorokaboni, kwa sababu inastahimili kukwaruzwa. Mahali pengine pa kuitumia ni maji maangavu ya kaskazi, siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, ambapo kuonekana kunaanza kuwa na uzito kidogo. Lakini usiyafuate maji hayo hadi visiwa vya Mbudya au Bongoyo: hizo ni hifadhi, kuvua hakuruhusiwi.

Ukiinunua, lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, ulikaze taratibu. Fluorokaboni ni ngumu, na fundo likikazwa kavu hupata joto la msuguano, likakatika hapohapo kwenye ndoana.