Taa Hazikuwa Mbovu: Niliyojifunza Kuhusu Vikundi vya Wafanyakazi

Nimefanya kazi katika ofisi za rasilimali watu mjini Kampala kwa miaka kumi na sita, na kikundi cha kwanza cha wafanyakazi nilichokianzisha nilikiua mwenyewe. Nazungumzia vikundi ambavyo wafanyakazi wenye jambo la pamoja hukutana ndani yake katika kampuni; hicho changu kilikuwa cha wanawake. Mwenyekiti nilimteua mimi, ajenda niliiandika mimi, na uzinduzi tuliufanya tarehe 8 Machi kwa keki na fulana zenye nembo ya kampuni. Kufikia Juni hakuna aliyekuja kikaoni isipokuwa mimi na yule mwenyekiti, naye nadhani alikuja kwa kunionea haya. Niliwalaumu wanawake kwa kukosa mwamko, kumbe sikuwa nimewapa kazi ya kufanya, wala saa ya kuifanyia, wala mkubwa wa kumpelekea majibu yao.

Naandika haya kwa mameneja wenzangu walioagizwa na makao makuu waanzishe vikundi vya aina hii bila kuelezwa vina faida gani. Fikra yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1970 wafanyakazi Weusi wa kampuni ya Xerox nchini Marekani waliunda umoja wao, miaka michache baada ya ghasia za rangi zilizotokea mwaka 1964 mjini Rochester, kampuni hiyo ilikokuwa na makao yake, na mwenyekiti wa bodi ya kampuni, Joseph Wilson, akawaunga mkono. Walikuwa na jambo la kazi la kusema, na alikuwapo wa kulisikiliza. Mahali ambapo kimojawapo kati ya hivyo viwili kinakosekana, hubaki keki.

Faida ya kibiashara niliielewa katika kampuni nyingine, iliyouza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Kila mwezi lori la Arua na Koboko, miji ya Nile Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lilirudi na katoni za taa zilizorejeshwa na wateja kwa madai kwamba ni mbovu. Fundi wetu alizipima moja moja katika ghala letu la Nakawa: aliunganisha waya, akaiacha taa juani kutwa nzima, jioni akabonyeza swichi, nayo ikawaka. Aliandika "nzima" kwenye kadi, akaifuta vumbi, akairudisha ndani ya katoni. Idara ya mauzo iliamini kwamba watu wa Nile Magharibi wanatafuta kisingizio cha kutolipa, na maneno hayo yalisemwa vikaoni bila haya, mbele ya wenzetu waliozaliwa huko.

Nyuma ya ghala hilo kulikuwa na watu tisa waliokula posho, yaani ugali, na maharagwe pamoja kila mchana, wakizungumza Kiswahili. Walikuwamo dereva aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye sote tulimwita Afande, mhasibu aliyesomea Nairobi, dada wawili Wanubi kutoka Bombo, na mpokea simu aliyekulia Arua. Nilipotangaza kwamba vikundi vinaruhusiwa, wao ndio waliokuja kwanza. Nilisita, sikatai. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini ndiyo lugha ya jeshi pia, na wapo watu Kampala ambao wakikisikia bado humkumbuka askari wa kizuizi cha barabarani kabla ya kumkumbuka mtu mwingine yeyote. Hata hivyo nilikubali, na safari hii niliwapa swali moja tu: kwa nini taa zinarudi?

Afande alijibu kabla sijamaliza. "Mama, hizo taa ni nzima. Karatasi inasema ziwekwe juani kutwa kabla ya kuwashwa, lakini inasema kwa Kiingereza na Kiganda. Wateja ninaowapelekea mwenyewe huwa nawaeleza. Wanaonunua kwa wakala, nani atawaeleza?"

Jibu hilo alikuwa nalo kwa zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu dereva hana kiti katika kikao cha mauzo, na mpokea simu aliyekulia Arua alikuwa amepangiwa laini ya Kiingereza. Hapo ndipo ilipo thamani ya vikundi hivi kwa mfanyabiashara: kampuni inawalipa mshahara watu wanaowajua wateja wake, lakini ngazi za vyeo zinazuia ujuzi huo usifike panapoamuliwa mambo.

Tulimtafuta mfasiri wa kulipwa, akatuletea sentensi ndefu kuhusu kifaa cha kufyonza nishati itokanayo na mwanga wa jua. Afande aliisoma mara mbili, akaikata kwa kalamu, akaandika: "Weka kioo hiki juani asubuhi mpaka jioni. Usiwashe kwanza." Wenzake wakaongeza maneno ya Kilugbara, lugha ya huko Arua, mchoro wa jua na namba ya simu inayopokewa kwa Kiswahili. Katoni za kurudi zilipungua hadi fundi akapangiwa kazi nyingine.

Kwa hiyo, unapoomba fedha za kikundi, usiende kwa mkurugenzi na hotuba juu ya umoja. Nenda na katoni. Hesabu kitu kimoja kabla kikundi hakijaanza, kiwe bidhaa zinazorudishwa, simu zinazokatwa au watu wanaoacha kazi, kisha kihesabu tena. Wanawake wa kampuni hiyo walifanya hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi za likizo yenye malipo, nasi tulizitoa bila ubishi, lakini akina mama waliacha kazi miezi michache baada ya kurudi. Kikundi kiliandika majina yao kwenye karatasi moja, na kando ya kila jina kikaweka gharama ya kumtafuta na kumfundisha mrithi wake. Tatizo lilikuwa zamu inayoisha saa tatu usiku. Ilibadilishwa ndani ya wiki moja.

Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote anayeajiri katika nchi hii: usisajili kikundi cha kabila wala cha dini. Katiba yetu inaorodhesha jamii asilia 65, na kampuni ikishaanza kugawa vyumba vya mikutano kwa hesabu hiyo, kila upandishaji cheo utapimwa kwa mizani ya nani ni wa kwao. Jenga kikundi juu ya hali ya kazi, lugha, ulemavu au malezi, na mlango wake uwe wazi. Kikundi chetu cha Kiswahili kilimpokea kijana wa Kabale ambaye hakujua zaidi ya "habari" na "asante", na leo ndiye katibu. Usikitumie pia mahali pa chama cha wafanyakazi. Haki ya kujiunga na chama imo katika Katiba, na watu hugundua upesi wanapopewa kikundi ili wasidai mishahara.

Halafu lipa. Mfasiri aliyeandika sentensi isiyotumika alipata hundi yake ndani ya mwezi, na Afande akapewa shukrani. Alinifuata yeye mwenyewe kunieleza kwamba hakuridhika, nami nikaona ana haki. Idara ya fedha ilikataa ombi langu mara mbili kwa hoja kwamba mkataba wa dereva hauna kifungu cha tafsiri. Mara ya tatu walilipitisha kwa jina la posho. Nilipompigia simu kumwambia, alikuwa njiani karibu na daraja la Karuma, akanyamaza kidogo.

"Posho, Mama? Hiyo si tunakula kila siku? Mimi nilidhani mtanipa pesa."